Barua Iliyobandikwa Ndani ya Jalada

KIKUNDI CHA WASTAAFU WANAOJIFUNZA KOMPYUTA, KIBOSHO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 11 OKTOBA 2003, KATIKA CHUMBA CHA KATEKESI

WALIOHUDHURIA
1. Mama Lukresia Temba – Mwenyekiti (muuguzi mstaafu)
2. Mwalimu Ildefonce Mallya – Katibu (mwalimu wa hisabati mstaafu, aliletwa kwa gari la maziwa)
3. Mzee Theodory Minja – Mjumbe (karani mstaafu wa chama cha ushirika)
4. Mama Mektrida Kimaro – Mjumbe

WAALIKWA
1. Sista Violet – anajua Kijerumani
2. Mzee Primus Olomi – msimamizi wa mfongo (mfereji wa maji). Alikuwa mwanachama hadi mwaka 2001 (alichelewa)

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA
Mzee Fabian – ameshuka Njoro kwa binti yake

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Wajumbe sita. Mwenyekiti alisema taarifa wanazo, ila hamu hawana.

KUMB. NA. 1/10/2003: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa 4:20 asubuhi badala ya saa 4:00, kwa sababu gari la maziwa lililomleta Katibu lilisimama kila penye ndoo. Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitishwa kwa ombi la Katibu mwenyewe, ambaye moyo wake, kwa maelezo ya daktari, hautarajiwi kuziona mvua za masika. Mwenyekiti aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefanya kazi wodini miaka thelathini na moja. Mzee Theodory alitoa pole. Katibu alishukuru na kuomba ajenda iendelee.

Katibu alieleza kwamba kuna jambo la kikundi linalomsumbua kuliko moyo. Alikuwa ameliungama kwa Padre, na Padre alimwambia: "Dhambi nimekuondolea. Lakini kumbukumbu za kikao si zangu, nenda kawaambie wenyewe."

Mwenyekiti aliagiza kwamba leo maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, "kwa sababu ufupisho wako, Mwalimu, ndio uliotufikisha hapa." Aliagiza pia Mama Mektrida aketi kulia kwa Katibu na kusoma kila mstari unaoandikwa. Mama Mektrida alisema mwandiko hausomeki. Katibu alieleza kwamba mkono unatetemeka. Mama Mektrida alisema hata ulipokuwa hautetemeki ulikuwa hivyo hivyo.

Sista Violet alitambulishwa. Mwenyekiti alieleza kwamba Sista alisoma Ujerumani miaka minne na amealikwa kukisikiliza Kijerumani cha Katibu, ili wajumbe wasitegemee tena tafsiri ya mtu mmoja. Katibu alisema hana kinyongo. Sista alisema, "Shikamoo Mwalimu," na Katibu akaona afadhali mmoja ameanza kwa adabu.

Kiti kimoja kiliachwa wazi karibu na mlango kwa ajili ya Mzee Primus. Hakuna aliyejua kama atakuja.

KUMB. NA. 2/10/2003: HISTORIA FUPI, KWA FAIDA YA SISTA

Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka 1999 parokia rafiki ya Ujerumani ilileta kompyuta tatu zilizotumika, diski moja, kitabu kimoja na barua ya karatasi moja. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wengine wakaing'oa na kupanda nyanya, na vijana walikuwa wakiteremka Moshi kila asubuhi kwenye vituo vya kujifunza kompyuta kwa miezi mitatu na kurudi na cheti. Wastaafu kumi na wawili waliona kwamba na wao si wa kubaki na ng'ombe tu. Kikundi kikaundwa.

Barua ilikuwa ya Kijerumani. Alikabidhiwa Katibu, kwa kuwa mwaka 1964 alisoma Ujerumani mwaka mmoja na tangu hapo hajawahi kumruhusu mtu asahau. Aliisoma kimya mbele ya wenzake kumi na mmoja, akaikunja, akasema barua inaeleza kwamba ndani ya mashine hizo kuna lugha iitwayo Haskell, na kwamba huko Ulaya kila anayeanza kompyuta huanzia hapo.

Sista aliuliza ni lugha ya namna gani. Katibu alieleza kwamba ni lugha ya kuielekeza kompyuta, lakini humo huiambii mashine "fanya hiki, halafu fanya kile." Unaandika kanuni: kikiingia hiki, kinatoka kile. Kikiingia kitu kilekile, kitatoka kilekile, iwe leo au Krismasi. Tena jina likishapewa kitu halibadilishwi. Ukisema x ni tano asubuhi, x ni tano hadi jioni.

Mama Mektrida alikumbusha kwamba ni yeye aliyesema wakati ule, "Aa, kama ubatizo." Katibu alikubali kwamba hayo ndiyo maelezo pekee ambayo wajumbe waliyaelewa mwaka mzima wa 2000, na kwamba hayakuwa yake.

Mzee Theodory aliomba iandikwe kwamba mtoto wa ndugu yake alikaa miezi mitatu kituoni mjini, akajua kupiga chapa barua, na sasa ana kazi ofisini. "Mimi nimekaa hapa miaka minne. Barua siwezi kuandika. Lakini mtu akiniomba niigeuze orodha ya majina, wa mwisho awe wa kwanza, niko tayari." Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyewahi kumwomba. Mzee Theodory alisema, "Bado."

KUMB. NA. 3/10/2003: KATIBU KUKIRI KUHUSU BARUA

Katibu alikiri kwamba barua haikusema hivyo. Barua ilisema kinyume chake: kwamba mashine zilikuwa za wanafunzi wa chuo kikuu, kwamba lugha iliyomo haiwafai wanaoanza, na kwamba wajumbe wafute kila kitu na kuweka programu ya kuandikia barua iliyomo kwenye diski.

Kimya kilipita ambacho Mama Mektrida alitaka kiandikwe. Kimeandikwa.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Katibu alieleza kwamba siku ile macho kumi na moja mawilimawili yalikuwa yakimtazama. Alikuwa amekifungua kitabu na kuona humo herufi n na herufi x, vitu alivyovifundisha miaka thelathini na nane. Kupiga chapa hakujui. Vidole vyake vilikuwa vya chaki. "Nikaona tukifuta, na mimi nitakuwa mwanafunzi kama ninyi."

Mzee Theodory alisema, "Kwa hiyo mimi nimehesabu namba hasi miaka miwili kwa sababu wewe hukutaka kukaa dawati moja na mimi?"

Katibu alijibu ndiyo.

Mzee Theodory aliomba jibu hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Mwenyekiti alikataa, akasema herufi ndogo zinatosha kumuumiza.

Katibu aliendelea kueleza kwamba hata lugha yenyewe hakuijua. Kila somo alilisoma alfajiri na kulifundisha saa nne, akiwatangulia wajumbe kwa ukurasa mmoja, na siku za mvua nusu ukurasa. Sura ya nne hakuielewa kabisa. Mama Mektrida alishangaa, akasema sura ya nne ndiyo aliyoifundisha mara mbili. Katibu alieleza kwamba alitumaini mara ya pili ataielewa.

Machi 2001 aliibandika barua kwa gundi upande wa ndani wa jalada la daftari hili la kumbukumbu, kisha akafunika kwa karatasi ya kaki, ili mtu asiiombe. Mwenyekiti aliuliza diski ilikwenda wapi. Katibu alisema aliikunja katika gazeti na kuiweka chini ya mguu wa meza ya kompyuta, kwa kuwa meza ilikuwa inayumba. Mama Mektrida aliinama na kuthibitisha kwamba ipo bado, na kwamba meza haiyumbi.

KUMB. NA. 4/10/2003: SIKU YA NAMBA HASI

Katibu aliomba kueleza kilichotokea Jumamosi ya pili ya Machi 2001, kwa kuwa ndicho chanzo cha kosa kubwa zaidi.

Siku hiyo aliandika kanuni ya kuorodhesha namba za wajumbe kutoka kumi na mbili kushuka. Kanuni ilisema: iandike namba, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba iliyo chini yake. Ni kanuni inayojiita yenyewe, na kitabu kinaisifia sana. Mashine iliandika 12, 11, 10, hadi 1. Wajumbe walipiga makofi. Katibu aliinama kidogo kupokea makofi hayo.

Mashine ikaandika 0. Kisha hasi moja. Kisha hasi mbili.

Katibu aliwaambia wajumbe kwamba mashine inafikiri.

Mwenyekiti alikumbuka kwamba ilipofika hasi arobaini aliuliza mjumbe namba hasi arobaini ni nani. Mama Mektrida alikumbuka kwamba alijibu, "Labda ni wale waliotutangulia," akafanya ishara ya msalaba. Mzee Theodory alisema yeye alikwenda kunywa chai, na aliporudi mashine ilikuwa imevuka hasi elfu ishirini na Mwalimu bado amesimama na chaki.

Nyuma ya chumba alikuwa ameketi Mzee Primus, ambaye shule aliishia darasa la nne, na ambaye ndiye anayesimamia mfongo, mfereji wetu wa asili unaoleta maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, kutoka juu. Alisema maneno ambayo Katibu anayakumbuka bila daftari:

"Mwalimu, mbona hujaiambia ifunge? Sisi kwenye mfongo tunasema: mpe maji wa juu, kisha wagawie waliobaki hivyo hivyo. Lakini tunasema pia: wakiisha, funga. Usiposema funga, maji yanapita vihamba vyote yanaingia korongoni. Yanamwagilia watu ambao hawapo."

Wajumbe walicheka, na walimcheka Katibu. Katibu alimwambia Mzee Primus kwamba hisabati si kilimo. Kisha akachomoa waya ukutani.

Watu walipoondoka, Katibu alibaki peke yake na kuongeza mstari mmoja: ikifika sifuri, orodha ni tupu. Mashine iliandika kumi na mbili hadi moja, ikanyamaza. Jumamosi iliyofuata aliuonyesha mstari huo kama ugunduzi wake, na kwenye kumbukumbu akaandika "Katibu aligundua." Alisema hiyo ndiyo programu yake pekee iliyowahi kufanya kazi sawasawa, na mstari ulioifanya ifanye kazi si wake.

Sista Violet alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo. Aliomba lisiandikwe. Mwenyekiti alisema leo kila neno linaandikwa.

KUMB. NA. 5/10/2003: KUMBUKUMBU ZILIZOFUTWA

Katibu alieleza kwamba mwishoni mwa kikao kile kile cha namba hasi, Mzee Primus alisimama tena na kusema: "Mimi Ujerumani sikujui. Lakini mtu anayeanza hawezi kuanzishwa na kitu kisichojua kusimama. Naomba barua isomwe kwa sauti, tuisikie wote." Mwenyekiti aliagiza iletwe kikao kijacho. Katibu aliliandika agizo hilo daftarini kwa uaminifu, akaenda nyumbani, na hakulala vizuri.

Siku ya tatu alichukua ule wino mweupe wa kufutia, akafuta mistari minne. Juu yake akaandika: "Ndugu Primus Olomi alitoa maneno ya dharau kwa uongozi. Iliamuliwa asimamishwe uanachama."

Mwenyekiti aliuliza iliwezekanaje, kwa kuwa kumbukumbu husomwa na kuthibitishwa, na saini ni yake yeye. Katibu alieleza kwamba kikao kilichofuata Mzee Primus hakuwepo, kwa kuwa mvua zilikuwa zimebomoa kingo za mfongo. Katibu alisoma kumbukumbu haraka baada ya chakula. Wajumbe walisema "zithibitishwe" kama wanavyosema "amina." Mwenyekiti alitia saini.

Mwenyekiti alisema alisaini bila miwani, na kwamba anaomba hilo liandikwe chini ya jina lake na lisiandikwe chini ya Katibu. Mzee Theodory alisema na yeye alisema "zithibitishwe," tena ndiye aliyeanza, kwa sababu alitaka kwenda kukamua.

Mzee Primus alipelekewa barua ya kusimamishwa, imeandikwa kwa uangalifu, ikitaja namba ya kumbukumbu. Hakujibu. Hakurudi. Tangu hapo, kila wanapokutana njiani, Mzee Primus, aliye mdogo kwa Katibu kwa miaka kumi, huvua kofia na kusema, "Shikamoo Mwalimu." Katibu hujibu "marahaba" huku akitazama migomba ya jirani. Alisema angependelea kutukanwa.

Mama Mektrida alisema, "Nyie wenye madaftari mna mambo. Mwalimu mzima unafundisha kwamba jina likipewa kitu halibadilishwi, jioni unakwenda nyumbani na wino mweupe."

Katibu alisema ni kweli. Alikunywa maji.

Saa 5:40 Mzee Primus aliingia. Aliegemeza jembe ukutani, akavua kofia, akamwamkia Mwenyekiti, kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu." Katibu alimtazama usoni na kujibu marahaba. Mzee Primus aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema wa juu walikuwa hawajamaliza zamu. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango.

KUMB. NA. 6/10/2003: ISALE

Mama Mektrida alitoa taarifa kwamba Alhamisi Katibu alimtuma apeleke jani la isale, jani la kuombea msamaha, kwa Mzee Primus, kwa kuwa Katibu mwenyewe hawezi tena kupanda mlima. Alilipeleka. Mzee Primus alilipokea kwa mikono miwili na kulichomeka juu ya mlango.

Katibu alisema kwa hiyo amesamehewa. Kwa mila zetu, mtu akipelekewa isale hawezi kukataa.

Mzee Primus alisema, "Ni kweli, Mwalimu. Sikukataa."

Katibu alishukuru na kuomba kikao kiendelee na mengineyo. Mzee Primus aliinua mkono.

"Lakini nikuulize. Ungetuma jani kama ningekuwa na ruhusa ya kukataa?"

Katibu aliweka kalamu mezani. Kisha alikiri kwamba hapana. Alilitegemea isale kama anavyoitegemea kanuni: unaingiza jani, unatoka msamaha, hakuna haja ya kumtazama mtu. Alisema alikuwa amepanga kufa akiwa msafi kwa gharama ya jani moja kutoka kwenye ua wake mwenyewe.

Mzee Theodory alicheka. Mwenyekiti alimwonya. Mzee Primus pia alicheka, na Mwenyekiti hakumwonya.

Mzee Primus alisema, "Jani nimepokea, hilo limekwisha, silirudishi. Lakini mwaka ule sikuomba jani. Niliomba barua isomwe kwa sauti. Ombi langu liko pale pale chini ya ule wino mweupe. Soma."

KUMB. NA. 7/10/2003: KUSOMWA KWA BARUA

Katibu alijaribu kuibandua barua na mikono haikuweza. Sista alilowesha kitambaa kwa chai ya moto ya kwenye chupa, na Mama Mektrida akatumia kisu cha kumenyea ndizi. Gundi ilikuwa nzuri. Kazi ilichukua dakika ishirini na tano, na kona moja iliharibika.

Katibu alisoma kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, Sista akiwa amesimama nyuma yake. Sista alimsahihisha mara tano. Mara moja alisema neno alilotafsiri kama "heshima" maana yake ni "mizigo." Katibu alisema imepita karibu miaka arobaini tangu akisome. Barua ilisema kama ilivyoelezwa: lugha haiwafai wanaoanza, futeni, tumieni diski. Katibu alifika mwisho wa ukurasa, akaiweka barua mezani na kusema, "Ni hayo."

Mzee Primus aliuliza, "Ametia saini nani?"

Katibu alitazama. Hapakuwa na saini.

"Na salamu?"

Hapakuwa na salamu.

Mzee Primus alisema, "Mwalimu, hiyo ni kama ile programu yako. Haijafungwa."

Sista aliichukua karatasi na kuigeuza. Upande wa pili, uliokaa kwenye gundi kwa miaka miwili na nusu, ulikuwa umeandikwa hadi chini. Ilibainika kwamba siku ya kwanza, mbele ya watu, Katibu alipofika kwenye neno "futeni" aliikunja barua kwa hofu, na tangu siku hiyo hakuigeuza hata mara moja. Mtu huyu aliwahi kuwarudishia wanafunzi kazi zao kwa sababu tu hawakutazama nyuma ya karatasi ya mtihani.

Katibu aliomba Sista asome, kwa kuwa miwani yake ilikuwa na ukungu. Mama Mektrida alitaka iandikwe kwamba haikuwa miwani. Imeandikwa.

Sista alisoma: "Nilikuwa nimefika hapo alipoingia Dieter, mwanafunzi aliyezitumia mashine hizi, akanisihi nisiwaambie mfute. Anasema mimi nimekosea. Anasema lugha hii aliwahi kuwafundisha watu ambao hawajagusa kompyuta kabisa, na walimzidi yeye, kwa sababu hawakuwa na mazoea ya zamani ya kuyaacha. Basi sijui nani yuko sahihi kati yetu. Isomeni barua hii pamoja, mkaamue wote. Dieter anaomba jambo moja: wa kwanza kati yenu atakayeandika kanuni inayojiita yenyewe na ikajua kusimama, mtuandikie jina lake. Angependa kumsalimu."

Kisha ilifuata salamu, na saini.

Mzee Theodory alisema, "Kwa hiyo ungeisoma yote kwa sauti, usingekuwa na haja ya kudanganya?"

Katibu alijibu ndiyo. Alisema alificha barua iliyokuwa upande wake. Alimfukuza mtu kwa ajili ya uongo uliokuwa na robo tatu ya ukweli nyuma yake. Na neno alilolikwepa kuliko yote, "mkaamue wote," ndilo peke yake ambalo lingemwokoa. Alisema amefundisha hisabati miaka thelathini na nane na hajawahi kuona mtu akikosa hesabu rahisi namna hii kwa juhudi kubwa namna hii.

Mzee Primus aliinua mkono. Aliomba Sista arudie pale penye jina. Sista alirudia. Aliomba tena mara ya tatu.

KUMB. NA. 8/10/2003: MAAZIMIO

(a) Katibu aliomba ukurasa wa Machi 2001 uchanwe na kuchomwa. Mzee Primus alikataa. Alisema, "Ukichana, kesho mtu atasema haikutokea. Wewe ulifundisha: cha zamani hakibadilishwi, unatengeneza kipya kinachotoka kwake. Acha wino wako mweupe ukae. Andika mpya." Iliazimiwa hivyo. Mwenyekiti aliuliza Mzee Primus aliyajulia wapi hayo, kwa kuwa somo hilo la kutengeneza kipya lilifundishwa baada ya yeye kusimamishwa. Mzee Primus alisema alikuwa akisafisha mfongo unaopita chini ya dirisha la chumba hiki. Aliusafisha kila Jumamosi, saa nne.

Mama Mektrida alisema ndiyo maana kipande kile cha mfongo ni kisafi kuliko vyote Kibosho.

(b) Ilirekebishwa kwamba Mzee Primus Olomi hakutoa maneno ya dharau, na hakuwahi kusimamishwa uanachama, kwa kuwa kikao hakikuamua. Wajumbe walisema "zithibitishwe." Mwenyekiti aliwaambia waseme tena, polepole, mmoja mmoja. Walisema.

(c) Ilirekebishwa kwamba mstari "ikifika sifuri, orodha ni tupu" ni wa Mzee Primus.

(d) Kuhusu kufuta lugha au kuibakiza, wajumbe waliamua wote, kama barua ilivyoomba, pamoja na kuchelewa miaka minne. Kura nne zilitaka ibaki. Mzee Theodory alitaka diski itolewe chini ya meza, kwa kuwa angependa kuandika barua moja kabla hajafa na yeye. Iliazimiwa mashine mbili zibaki na lugha, na moja iwe ya barua. Meza iwekewe jiwe.

(e) Katibu alitakiwa kumjibu Dieter. Aliandika papo hapo, mbele ya wajumbe, kwa Kijerumani. Mzee Primus alitaka isomwe kwa sauti kabla ya kutiwa kwenye bahasha, na Katibu alisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu. Barua ilisema: "Anaitwa Primus Olomi. Anagawa maji. Kuchelewa kwa jibu hili ni kosa langu mimi peke yangu." Sista alisahihisha neno moja.

Mzee Primus aliitazama karatasi, akaweka kidole juu ya jina lake. "Hapa ndipo nilipo?" Katibu alisema ndiyo. Mzee Primus alisema, "Basi, Mwalimu, sasa hata bila jani."

Mama Mektrida alimuuliza Katibu kama ameliandika hilo. Katibu alichelewa kuliandika. Limeandikwa.

KUMB. NA. 9/10/2003: KUFUNGA KIKAO

Dereva wa gari la maziwa alipiga honi mara mbili. Katibu alieleza kwamba pengine hiki ni kikao chake cha mwisho, kwamba hivi karibuni naye atahesabiwa miongoni mwa namba hasi, na kwamba kama wajumbe wana subira bado ana mambo kadhaa ya kujisema: kuhusu sura ya nne, kuhusu makofi aliyoyainamia, kuhusu mwaka 1964 ambao kwa kweli haukufika mwaka.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo mjumbe mwenye dai lolote lililobaki. Mzee Theodory alisema hana. Mama Mektrida alisema hana. Mwenyekiti alisema hana.

Mzee Primus alisimama, akachukua jembe, akamshika Katibu mkono ili ainuke.

"Wameisha, Mwalimu," alisema. "Funga."

Kikao kilifungwa saa 7:15 mchana.

Lukresia Temba
MWENYEKITI
(nimesoma yote, kwa miwani)

Ildefonce Mallya
KATIBU
(pande zote mbili)